Masjala, Saa Nne Asubuhi

Nyaketcho, kaa. Kiti hicho mguu mmoja ni mbovu,
egemea ukutani.
Nipe hiyo barua. Naijua kabla sijaifungua:
niliipiga taipu mimi, Alhamisi ile umeme ulipokatika mara mbili,
na hapa, kwenye neno "mkunga", wino ulikuwa unakwisha.

Soma nami. Polepole, kama unavyosikiliza moyo
wa mtoto aliye bado tumboni.
"Tunapenda kukupa nafasi ya kazi."
Wanapenda, binti yangu. Hawajasema wamekupa.
"Iwapo utakubali." "Baada ya vyeti kuhakikiwa."
"Kutegemea kuwepo kwa fedha."
Iwapo, baada, kutegemea:
maneno matatu yamesimama getini na rungu,
nawe ukapita katikati yao unaimba,
mpaka wodini, na sare umepiga pasi,
matroni akakuuliza: barua ya uteuzi iko wapi?

Na chini kabisa, mstari wa nukta nukta,
uliuona? Ule ni wako. Utie sahihi,
urudishe ndani ya siku kumi na nne.
Wewe uliitia kwenye nailoni, ukailaza chini ya godoro.
Godoro jipya, nasikia. La mkopo.

Nimesikia pia habari za malwa.
Tororo ni ndogo; vumbi la saruji haliwezi kuficha kila kitu.
Baba yako mdogo aliita ukoo, mirija kumi na minane
ndani ya chungu kimoja,
wakaongeza maji ya moto, wakaongeza tena,
hadi yakabaki maji
yanayokumbuka ulezi.
Kesho yake ukaaga kule zahanati ya Malaba,
ukamwachia mwenzio ufunguo wa kabati la dawa.
Mbachao ule, Nyaketcho.
Ungeukunja tu, ukauweka pembeni.

Watu hupenda kusema: hii ni posa, ile ni ndoa.
Sikubali. Posa ina wajomba, ina kelele,
posa ikivunjika mtu hudai mbuzi wake.
Hii haina mjomba.
Hii inakuuliza tu: utakuja?

Sogea nikuonyeshe ile nyingine. Ni ya mtu,
nitaliziba jina kwa kidole.
"Umeteuliwa."
Neno limeingia, limefunga mlango nyuma yake.
Namba ya kikao kilichokaa. Siku ya kuripoti.
Ngazi ya mshahara. Miezi sita ya majaribio.
Na hapa, soma kwa sauti: notisi ya mwezi mmoja,
na makosa yatakayokutoa kazini.
Unashangaa? Barua inayokueleza utakavyofukuzwa
ndiyo iliyokuajiri.

Usilie juu ya faili, hiyo karatasi ni laini.
Hesabu nami vidole. Ilitoka tarehe nane.
Leo ni siku ya kumi na tatu.
Ya kumi na tatu! Kalamu hii hapa, itikise kidogo.
Vyeti halisi, si kopi, kesho kabla ya saa sita.
Na Malaba piga simu leo hii,
sema ulikimbia kabla ya filimbi.
Kuomba radhi hakuna fomu.

Nini? Yangu?
Wauliza yangu inasemaje.
Miaka kumi na moja napiga neno hilo, umeteuliwa,
umeteuliwa, kwa walimu, kwa madereva, kwa bwana mifugo,
na kila Ijumaa natia sahihi kwenye daftari la vibarua,
nahesabiwa kwa siku, kama matofali.
Jioni moja, ofisi tupu,
niliandika juu: Etyang Yokosofat,
nikapiga mpaka chini, hata notisi sikuiacha.
Ilipendeza.
Muhuri unalala kwenye kabati la katibu.
Nikaichana vipande vidogo, nikawashia jiko.

Haya, tia sahihi.
Hapo kwenye nukta. Usizivuke.